Zamu ya Baba

Wiki iliyopita kaka yangu Deo alituma picha kwenye kundi letu la familia. Amevaa aproni, ameshika mwiko, mbele yake kuna jiko la gesi na sufuria inayotoa mvuke. Mke wake amekaa pembeni kwenye stuli, anacheka. Chini ya picha aliandika: "Leo mama watoto anapumzika. Marehemu baba angeniona hapa angezimia. Maisha yake yote hakuwahi kushika mwiko." Watu wakamiminika. Binamu, mawifi, mashangazi, kila mmoja na alama zake za kucheka na kupiga makofi. Mwanaume wa kisasa huyo! Hongera kaka, tufundishie na hawa wetu. Mama, ambaye hapendi kuandika, alituma sauti: "Hahaa, kweli kabisa mwanangu. Baba yenu alikuwa mwanaume. Hata chumvi inakaa wapi hakujua."

Niliandika, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Mwishowe niliizima simu nikaitupa kitandani, nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, wanaonijua wanajua, lakini picha yenyewe haikunikera. Deo akipika ni jambo jema, na ningependa wapike wengi zaidi. Kilichonichoma ni lile neno "hakuwahi". Tulipomzika baba kule Ukerewe, wasifu wake ulisomwa mbele ya watu: fundi hodari, mwimbaji wa besi kwenye kwaya, mtu wa utani. Hakuna aliyesema kwamba alipika, na sikutegemea waseme. Lakini kukaa kimya juu ya jambo na kulikana ni vitu viwili. Deo alikula ugali wa mikono ile. Mama aliondoka nyumbani akiwa na amani kwa sababu ya mikono ile. Leo wote wawili wanacheka kwamba haikuwahi kuwapo, na mimi nimebaki kama mtu anayeota peke yake.

Tulikaa Pasiansi, upande wa juu, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyobanwa na mawe makubwa mpaka dirisha moja halikufunguka. Kutoka mlangoni tuliona ziwa lote. Baba alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, kiwanda kikapunguza watu, naye akapunguzwa. Akaweka meza barazani akawa fundi wa redio. Redio za watu hazikutosha kulisha nyumba, ndipo mama akaingia kwenye biashara ya dagaa.

Dagaa wa ziwani huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha karabai juu ya maji, dagaa wakaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, hivyo wavuvi hukaa nchi kavu wakashona nyavu zao. Maisha yetu nayo yakapangwa na mwezi. Ukianza kupungua, mama alikunja turubai lake, akafunga kanga zake kwenye kifurushi, akapanda boti kwenda visiwani kununua dagaa, kuwaanika na kuwafunga kwenye magunia. Hatukumwona mpaka mbalamwezi. Watu wakituuliza, tulijibu, "Mama yuko giza," wakaelewa.

Mama akiwa giza, baba alipika. Hakulalamika wala hakutangaza. Jua likishaanza kushuka alifunika redio zake kwa gazeti, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko ili harufu ya risasi ya kuchomelea itoke, akajifunga kanga ya mama kiunoni, akaketi kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, pale nje kwenye kijinafasi kati ya ukuta na jiwe. Alikuwa mtu mrefu, magoti yakafika karibu na masikio. Aliwakaanga dagaa kwanza bila mafuta, wakapiga kelele kidogo kwenye sufuria, ndipo akatia vitunguu na nyanya. Ile harufu ya kwanza, ya dagaa mkavu anayeungua kidogo tu, nikiisikia leo popote nilipo nasimama.

Kwenye ugali ndipo alikuwa bingwa. Alichanganya unga wa muhogo na wa mahindi kwa kipimo ambacho mama hakukipata kamwe. Alisema ugali ni kama redio, huwezi kuujua kwa kuutazama, mpaka uusikilize. Aliinamisha kichwa juu ya sufuria, akafumba macho. "Sikieni," alituambia. "Bado unalalamika. Ngojeni ukianza kupumua." Kisha kweli ulianza kupumua, pu, pu, polepole, naye akatabasamu kama redio iliyokufa imeshika stesheni. Wakati mwingine alimpa Deo mwiko ajaribu. Deo alikuwa amenizidi miaka miwili, ana mabega, na alisonga vizuri. Mimi nilikuwa mdogo, kazi yangu ilikuwa kupepea mkaa.

Katika hayo yote nilijitengenezea elimu yangu mwenyewe. Niliamini kwamba kila nyumba duniani inaendeshwa hivyo: mbalamwezi ni zamu ya mama, giza ni zamu ya baba. Niliamini kabisa, kama nilivyoamini kwamba jua huzama ziwani na kuzimika. Rafiki yangu Mwajuma, wa nyumba ya jirani, mama yake alikuwepo mwezi mzima, giza na mwanga, anapika tu. Nilimhurumia sana Mwajuma. Nilidhani baba yake ni mtu aliyekosea jambo, ndiyo maana hapewi zamu. Siku moja nilimwuliza, "Baba yako aliharibu nini?" Alinitazama bila kuelewa, nami nikaona ni adabu kutouliza tena.

Sijui ni lini hasa mambo yalianza kubadilika. Nakumbuka wanaume waliopita njiani kutoka kuoga ziwani, mmoja akasimama na kusema kwa sauti kubwa, "Habari za jioni, Mama Deo!" Wenzake wakaangua kicheko. Baba naye alicheka, akajibu, "Salama, karibuni chakula." Lakini siku iliyofuata jiko liliingia ndani. Tukapika mlango umefungwa, pazia limeshushwa, kwenye chumba ambacho dirisha lake halifunguki. Moshi ulitutoa machozi. Baba alitoa jasho mpaka likadondoka kwenye mkaa. Nilipouliza kwa nini, alisema upepo wa nje unamaliza mkaa upesi. Nikakubali. Kwa mtoto lilikuwa jibu zuri.

Siku Shangazi Veronika alipokuja, hata hodi ilichelewa. Shangazi ndiye dada mkubwa wa baba, aliyemlea baada ya mama yao kufa, na kule kwao Ukerewe neno lake halikurudishwa. Alisukuma mlango, akasema "Hodi" akiwa tayari ameingia, kapu la machungwa kichwani. Baba alikuwa kwenye kigoda, kanga kiunoni, anasonga. Mwiko ulisimama ndani ya ugali wenyewe tu, bila kushikwa.

"Magesa," shangazi alisema. "Mkeo amekufa?"

"Hapana dada. Shikamoo."

"Nauliza mkeo amekufa, nianze kulia?"

"Yuko giza, dada. Karibu ukae."

Shangazi hakuitikia shikamoo. Alishusha kapu lake, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akaitazama ile kanga kwa muda mrefu. "Nilikuwa naambiwa, nikawa nawatukana wanaoniambia," alisema. "Nilisema si mdogo wangu huyo. Kumbe wamekulisha kweli." Chakula kilipowekwa alikataa. Alisema hajafika mahali pa kula ugali wa mwanaume. Alimenya machungwa yake akala, akageukia ukuta.

Neno hilo, wamekulisha, lilinishika. Nilimfuata Deo nje nikamwuliza baba kalishwa nini. Deo alijua kila kitu, au alijidai. "Limbwata," aliniambia. "Ni dawa. Mwanamke anamtilia mume wake kwenye chakula, akili yake inalala, anamfuata mke kama kondoo. Shangazi anataka kumpeleka Ukerewe akaoshwe." Nikauliza ataoshwa mpaka lini. Deo akasema wengine hawarudi.

Kuanzia hapo nilimchunguza baba kama mgonjwa. Nilimtazama akikaza skrubu ndogo, mkono hautetemeki. Nilimtazama akila. Nilimpa maswali ya hesabu ili nijue kama akili imelala, na yeye alijibu yote, akanirudishia magumu zaidi. Sikuona ugonjwa, lakini niliogopa. Niliogopa nitatoka shule nikute kigoda hakina mtu. Wakati huohuo nilimwogopa mama, mama yangu mwenyewe, niliyekuwa nikihesabu siku arudi. Nilimwomba Mungu amrudishe haraka, kisha nikamwomba asimrudishe.

Mama alirudi kabla giza halijaisha, kwa kuwa habari zilikwishamfikia visiwani. Ngozi ya uso ilikuwa imebabuka kwa jua, miguu imepasuka, ananuka dagaa na chumvi ya jasho. Hakukaa. Alipiga magoti pale mlangoni na kifurushi chake mgongoni. "Shikamoo wifi."

"Marahaba. Umemwona mumeo?"

Kikao kilifanyika jioni hiyohiyo. Mimi na Deo tulikaa kizingitini, hakuna aliyekumbuka kutufukuza. Shangazi alisema kwa utulivu, na utulivu wake ulikuwa mbaya kuliko makelele. Alisema hakuja kugombana. Alisema ama mama aache visiwa akae na nyumba yake kama wanawake wengine, ama yeye aondoke na mdogo wake kwa meli ya kesho.

"Wifi yangu," mama alisema, "nikiacha giza hawa watakula nini? Redio?"

"Watakula walichokula wengine."

"Si kweli kwamba nimemlisha kitu. Nakuapia kwa watoto hawa."

"Basi aseme mwenyewe." Shangazi akamgeukia baba. "Magesa, sema mbele ya mkeo. Nani alikuweka jikoni?"

Nilijua jibu. Nililijua kwa sababu nilikuwa nimekaa kando yake jioni zote zile nikipepea mkaa. Hakuna aliyemweka. Alipenda. Alifumba macho akasikiliza ugali. Ilitosha aseme hivyo tu, kwa lugha yoyote ile, nina hakika mama angesimama naye, na labda hata shangazi angechoka. Baba alitazama mikono yake. Akaigeuza, akatazama na viganja.

"Ningefanyaje, dada?" alisema. "Hakuna mtu mwingine wa kupika."

Mpaka leo sijui kama aliogopa, au aliona haya, au alidhani anamwokoa mama. Nimemsamehe mambo mengi marehemu, lakini sentensi hiyo bado tunavutana nayo.

Deo alinyoosha mkono kama yuko darasani. "Mimi naweza," alisema. "Ninajua kusonga. Baba amenionyesha."

Shangazi alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu afike, kizito, cha kutoka tumboni, akapiga na paja. Mama naye akacheka, kwa woga nadhani, au kwa kuchoka. Kisha baba, ambaye ndiye aliyemwonyesha, akacheka. Deo alishusha mkono. Akauficha nyuma ya mgongo. Alisimama akatoka nje, na sikumwona tena akikaribia jiko mpaka picha hii ya wiki iliyopita. Ninapomkasirikia najilazimisha kukumbuka mkono ule.

Macho ya shangazi yalipomfuata Deo mlangoni yalinikuta mimi. "Na huyu?" aliuliza. "Huyu si mwanamke?"

"Huyu mtoto, wifi," mama alisema.

"Ana miaka mingapi?"

"Tisa."

"Mimi nilikuwa sijaota meno ya pili, nikampikia huyu baba yake." Akanitazama vizuri, akapima mikono yangu kwa macho. "Hakuna mtu wa kupika, hakuna mtu wa kupika, kumbe mtu mmemkalisha kizingitini."

Mama alinyamaza. Nimeupitia ukimya ule mara nyingi tangu nimekuwa na binti yangu. Upande mmoja visiwa, magunia, karo, chakula. Upande mwingine mume anayepelekwa na meli. Katikati mimi. Hakusema ndiyo. Alisema tu, "Leti, njoo," akavua kanga yake moja, akanifunga kiunoni, akaizungusha mara mbili kwa sababu sikuwa na kiuno.

Chumba kizima kilipumua. Baba alinyoosha miguu. Shangazi alinipa chungwa kubwa kuliko yote, akasema sasa nitajifunza kuwa mtu. Na mimi nilidhani nimepandishwa cheo. Ndiyo, nilijivuna. Kwa elimu yangu ya mwezi, zamu ilikuwa ya watu wazima, mama na baba tu, na sasa nimepewa mimi, si Deo mwenye mabega. Zaidi ya hapo nilikuwa nimemwokoa baba. Alikuwa habebwi tena na meli, kwa sababu yangu.

Siku hizi tunaitwa kwenye semina, tunaketi kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe, tunaambiwa usawa unaanzia nyumbani. Kwetu ulianzia nyumbani. Ulidumu kadiri ulivyodumu, kisha watu wazima watatu waliopendana wakaupatanisha na heshima zao, na hesabu ikanijia mimi. Mama aliendelea na giza lake, na alifanikiwa. Nyumba anayokaa leo kule Ilemela aliijenga kwa dagaa. Watu humtaja kama mfano wa mwanamke aliyejikomboa, nami nampigia makofi, kwa sababu ni kweli. Deo alisoma jioni, akafaulu. Mimi nililala darasani, nikarudia mwaka, na mwalimu aliandika kwamba nina akili ila mvivu. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kujua kwamba kwa kina Mwajuma ndiko kulikokuwa kama kwingine, na kwetu ndiko kulikokuwa ajabu.

Lakini kesho yake ile sikujua lolote kati ya hayo. Mama alikuwa amerudi visiwani asubuhi. Shangazi alibaki siku moja zaidi ili aone kazi inakwendaje. Jiko lilirudishwa nje kwenye nafasi yake, kati ya ukuta na jiwe, kila anayepita aone. Baba alikaa barazani na redio iliyofunguliwa tumbo, shangazi akakaa naye, na kutoka nyuma ya nyumba nilisikia Deo akiupiga mpira kwenye jiwe, bila kupumzika.

Maji yalichemka. Nikatia unga, ukaniwahi. Sufuria ilizunguka na mwiko, nikaibana kwa goti, goti likaungua, nikaishika kwa kiganja, kiganja kikaungua. Niliinamisha kichwa nikafumba macho kama baba. Sikusikia kitu. Mvuke ulinipiga usoni, na chini unga ulikuwa umeanza kuungua huku juu bado maji. Niliita, "Baba! Baba, njoo!"

Alinyanyuka. Nilimwona, alinyanyuka haraka, bisibisi ikaanguka, na mkono wake wa kulia ulikwishatangulia mbele, umekunjwa kama ulioshika mpini. Shangazi alikohoa. Baba alisimama hapo katikati, si barazani si jikoni, kisha akainama kana kwamba aliinukia bisibisi.

"Songa tu, mwanangu," alisema akiwa ameinama. "Utazoea."

Nilisonga huku nalia kimyakimya, na nilipoona mikono haiendi tena niliamua umeiva, nikaupakua. Nilipiga goti kama nilivyomwona mama, nikaweka sinia mbele yao. Shangazi alimega kidogo, akasema kwa mara ya kwanza si haba. Kisha nikamtazama baba, kwa sababu hukumu niliyoitaka ni yake. Alikata tonge, akalifinyanga. Ndani lilikuwa na donge, donge likapasuka, na unga mkavu ukamwagika kwenye vidole vyake. Aliutazama ule unga. Akatia tonge mdomoni, akatafuna muda mrefu, akameza.

"Umeiva," alisema. "Tena vizuri sana."

Akamega lingine bila kunitazama. Mimi nilikuwa bado nimepiga goti, kiganja kinawaka, na nilimwamini, na nilifurahi mpaka nikatetemeka.